Nati Uliyojua Imelegea

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani

Maandiko ya kusoma kabla ya kukutana: Kutoka 21:28-29, Kumbukumbu la Torati 22:8, Nehemia 4:9

Lengo la somo: Kila mmoja wetu, mwenye pikipiki na anayebebwa, ajue namna ya kukagua nati na bolti, na aelewe kwa nini kazi hiyo ni sehemu ya kumpenda jirani.

Jumapili iliyopita nilipanda madhabahuni na spana namba 17 mkononi, na wengine mkacheka. Mama mmoja pale mbele akauliza kama leo tumekuja kurekebisha spika. Kwa sababu ya muda nilieleza kisa changu kwa ufupi tu. Baada ya ibada vijana wa boda walinizunguka pale nje: "Mchungaji, hebu tuambie vizuri, tukague wapi na tukaze vipi?" Kwa hivyo hapa naandika yote, kisa na kazi yenyewe.

1. USHUHUDA NILIOUTOA VIBAYA

Kabla sijaingia katika huduma niliendesha boda miaka saba hapa Kiminini. Jumatano moja nilikuwa naosha pikipiki. Nilipofika kwa gurudumu la nyuma nikaona kitu. Kuna chuma kirefu chembamba kinachotoka kwa breki ya nyuma hadi kwa mkono wa fremu. Kazi yake ni kushikilia sahani ya breki isizunguke pamoja na gurudumu. Kinafungwa na bolti, nati, na pini ndogo inayopita kwa tundu ili nati isitoke. Siku hiyo pini haikuwepo. Nati niliigusa kwa vidole ikazunguka.

Nilifanya nini? Niliikaza kwa vidole hivyo hivyo mpaka ikakataa, nikasema kesho nitapitia kwa fundi. Alhamisi ilikuwa siku ya soko, wateja wengi. Ijumaa nikasikia sauti, kra, kra, kila nikipita kwa shimo. Nikasema kesho.

Ijumaa hiyo jioni mama yangu alikuwa anaenda kesha, nikambeba. Tukishuka ule mteremko wa murram unaoelekea kwa daraja, nikakanyaga breki. Bolti ilikuwa imeshaanguka huko nyuma, hatujui wapi. Bila ile bolti, sahani ya breki ikazunguka na gurudumu, ikakunja fito ya breki, na gurudumu likafunga papo hapo. Pikipiki ikateleza kwa ubavu. Mimi nilichunika goti. Mama alianguka na mkono wa kulia chini, ukavunjika pale kwa kifundo. Karibu miezi miwili hakuweza kusonga ugali wala kufunga kitambaa chake mwenyewe.

Sasa sikieni mahali nilipokosea mara ya pili. Jumapili nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Nikasema shetani alitaka kutumaliza mimi na mama yangu tukienda kuomba, lakini Mungu akakataa. Kanisa likapiga makofi, haleluya zikapaa. Mama alikuwa ameketi benchi ya tatu na plasta mkononi. Hakupiga makofi, na si kwa sababu ya plasta.

Jumatatu nikasukuma pikipiki hadi kwa fundi, mzee mmoja wa jua kali. Akainama, akaangalia lile tundu la bolti, akaniuliza, "Kijana wangu, pini ya hapa ilitoka lini?" Nikamwambia sijui. Akaingiza kidole kwa tundu. "Tundu limelika, limekuwa refu kama yai. Hii bolti imecheza siku nyingi. Ilitoka lini?" Nikasema, "Niliona Jumatano." Yule mzee akasimama akajipangusa mikono. "Basi usimsingizie shetani. Hakuja na spana hapa. Aliyekuwa na spana ni wewe."

Nilienda nyumbani nikamwambia mama ukweli wote. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, hiyo kelele niliisikia tangu stegi. Nikasema, mtoto wangu anajua pikipiki yake."

Mpendwa, neno hilo limekaa nami mpaka leo. Anayepanda nyuma yako hana breki wala usukani. Ana wewe tu.

2. NG'OMBE ANAYEJULIKANA KWA PEMBE

Fungua Kutoka 21:28-29. Pale Torati inazungumza juu ya ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe akafa. Angalia vizuri, kuna hukumu mbili kwa jambo moja. Kama ng'ombe huyo hakuwahi kufanya hivyo, mwenyewe hana hatia ya damu. Lakini kama alikuwa na tabia hiyo, na mwenyewe akaambiwa, na bado hakumfunga, hatia inamrudia mwenyewe, na ni hatia kubwa ya kifo.

Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Kinachobadilisha hukumu ni kwamba mwenyewe ALIJUA. Nati ikikatika ghafla ikiwa haijaonyesha dalili, hiyo ni ajali. Nati uliyoizungusha kwa vidole Jumatano, ikaanguka Ijumaa, huyo ni ng'ombe uliyeambiwa habari zake.

Sasa nenda Kumbukumbu la Torati 22:8. Mtu akijenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke akaleta damu juu ya nyumba ile. Kule watu walitembea juu ya dari, walipumzika na kupokea wageni huko. Mungu hakungoja mtu aanguke ndipo aulize. Alitaka ukingo uwepo siku ya kwanza. Leo wengi wetu hatuna dari ya kutembelea, lakini tuna kiti cha abiria. Kwa mwenye boda, kukaza nati ndiko kujenga ukingo.

3. KWA NINI NATI HULEGEA

Wengi hufikiri nati ikishakazwa imekazwa. Hapana. Bolti ikikazwa hunyooka kidogo sana kama springi, na ule mvuto wake ndio unaobana vyuma viwili pamoja visisogee. Mvuto huo ukipungua, vyuma vinaanza kuteleza kidogo kidogo kila pikipiki ikitikisika, na kila kuteleza kunaizungusha nati nywele moja. Ikianza kulegea, inazidi kulegea kwa haraka zaidi.

Injini za boda zetu nyingi ni za silinda moja, nazo hutetemesha fremu nzima. Ongeza murram, matuta, na gunia la mahindi la kilo 90 kwa keria. Ongeza joto la ekzosi, chuma kikipanuka na kusinyaa kila siku. Tena kuna kosa la mikono: umetoka kuziba pancha au kuvuta cheni, nati ya ekseli ikarudishwa haraka haraka na pini ikasahaulika.

Kwa hivyo nati kulegea si dhambi. Ni tabia ya chuma. Dhambi huingia pale unapoona na kupita.

4. TUKAGUE WAPI

Osha pikipiki kwanza, maana matope huficha mengi. Simamisha kwa stendi ya katikati mahali tambarare, injini ikiwa imepoa. Halafu tumia vitu vinne ambavyo Mungu amekupa: macho, mikono, masikio, na mwisho spana.

Kwa macho, tafuta unga wa kahawia wa kutu kuzunguka kichwa cha bolti, mahali chuma kinang'aa kwa kusuguana, rangi iliyopasuka, na tundu tupu ambapo bolti ilikuwa. Kwa mikono, shika kitu utikise. Kwa masikio, sikiliza sauti mpya. Pikipiki yako unaijua sauti, kama unavyojua kikohozi cha mtoto wako.

Anza na sehemu zinazoua, umalizie na zinazopiga kelele tu.

Gurudumu la mbele: nati ya ekseli, na bolti za breki kama ni ya diski. Kisha shika breki ya mbele, sukuma pikipiki mbele na nyuma. Ukisikia "tok" pale chini ya usukani, shingo ya usukani imelegea, peleka kwa fundi siku hiyo.

Usukani: bolti zinazoubana. Usukani usisogee hata kidogo bila gurudumu kugeuka.

Gurudumu la nyuma: nati ya ekseli na pini yake, nati za kuvutia cheni pande zote mbili, nati za sproketi, na ile bolti iliyomvunja mama yangu mkono. Shika gurudumu juu na chini ulisukume kushoto na kulia. Lisicheze.

Injini: bolti zinazoishikilia kwa fremu. Moja ikilegea, zingine zinabeba mzigo wake, na fremu inaweza kupasuka.

Shoki, vikanyagio na stendi: kikanyagio cha abiria kikitoka, mguu wake unaenda kwa spoki.

Keria, ekzosi, taa, namba na vioo: hizi ukichelewa zitakuaibisha barabarani. Lakini keria iliyobeba mtungi wa gesi usiiweke kwa kundi la kelele, ihesabu pamoja na zinazoua.

Siri moja ya mafundi: ukishakaza nati vizuri, chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwa nati hadi kwa chuma kilicho chini yake. Asubuhi unatupa jicho tu. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukikatika, imesogea. Rangi ya kucha inafaa sana. Najua wazee wetu hawapendi kuiona kanisani, lakini kwa nati naomba muiruhusu.

Mistari hiyo na pini ziangalie kila asubuhi, ni dakika mbili. Spana izunguke pikipiki nzima mara moja kwa wiki kama unabeba watu kila siku, na kila mara baada ya gurudumu kutolewa. Pikipiki mpya isikose huduma ya kwanza, ambayo vitabu vingi huweka kati ya kilomita 500 na 1,000, maana vyuma vipya vinakaliana na nati hulegea wakati huo.

5. TUKAZE VIPI

Tumia spana inayoshika sawasawa, na ya pete ni bora kuliko ya mdomo wazi. Koleo na spana ya kurekebisha hula kona za nati, na kesho haishikiki tena. Kwa pikipiki nyingi, namba 10, 12, 13, 14, 17 na 19 zitakufikisha karibu kila mahali.

Safisha thredi. Anza kwa vidole. Nati ikikataa mapema, irudishe uanze upya, imeingia kombo, na ukilazimisha utaharibu thredi. Ikishakaa ndipo uweke spana. Nati zikiwa nyingi kwa kitu kimoja, kama za sproketi, usimalize moja moja. Zipige kidogo kidogo kwa kukingamana, mzunguko wa kwanza, wa pili, halafu wa mwisho.

Sasa vijana wenye nguvu mnisikie. Kukaza kupita kiasi nako huvunja. Bolti ndogo ya milimita 6, ile yenye kichwa cha namba 10, kwa kawaida inataka nguvu ya kama 10 Nm tu. Hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo moja kwenye mwisho wa fito ya mita moja, au kusukuma kwa uzito wa kilo 10 kwa spana ya sentimita 10. Ni mkono wa kawaida. Ukiongeza bomba kwa spana, bolti inakatika au unang'oa thredi za kifuniko cha injini, ambacho ni alumini laini. Nati ya ekseli inataka nguvu kubwa zaidi kwa mara nyingi. Kila moja ina kipimo chake katika kitabu cha pikipiki, na fundi mzuri ana spana ya kupima. Bolti za kichwa cha injini mwachie yeye kabisa.

Pini ikitolewa, weka mpya. Iliyokunjwa ikanyooshwa hukatika, na waya wa seng'enge si pini. Kama tundu la pini halilingani na nati, endelea kukaza kidogo mpaka lilingane, usilegeze. Nati yenye plastiki ndani ikishazunguka kwa vidole mpaka mwisho, kazi yake imekwisha, nunua nyingine. Na nati inayolegea kila wiki hata ukiikaza inakuambia kitu: thredi zimeisha, washa haipo, au kuna kingine kimepasuka. Usiikaze tena na tena ukinyamaza. Tafuta sababu.

Ukimaliza, zungusha gurudumu kwa mkono, kanyaga breki, halafu endesha polepole umbali mfupi bila abiria. Rudi ukague tena.

6. MAOMBI NA SPANA

Kuna mtu ataniuliza, "Mchungaji, kwani imani iko wapi? Si mimi huomba kila asubuhi kabla ya kuwasha?" Omba, mpendwa, usiache. Lakini soma Nehemia 4:9. Maadui walipopanga kuwashambulia waliokuwa wakijenga ukuta, walimwomba Mungu na wakaweka walinzi usiku na mchana. Mstari ni mmoja na mambo yako mawili. Nehemia hakuona kwamba mlinzi anamdharau Mungu.

Katika Mathayo 4 mjaribu alimweka Yesu juu ya mnara wa hekalu akamwambia ajitupe, malaika watamdaka. Yesu alikataa. Kuwasha pikipiki ukijua breki imelegea, huku ukisema damu ya Yesu inatosha, ni kuruka kutoka kwa mnara ule. Tena wewe unaruka na mtu mgongoni ambaye hukumwuliza.

Na tukianguka kwa uzembe wetu, tuseme ukweli madhabahuni. Mimi nilimpa shetani sifa ya kazi yangu mwenyewe, na kanisa zima likatoka pale bila kujifunza kukagua pini. Ningesema ukweli siku ile, pengine nati za vijana kumi zingekazwa Jumatatu.

7. KWA WANAOBEBWA NA WENYE KUKODISHA

Abiria, ukisikia sauti, sema. Usifanye kama mama yangu. "Kijana wangu, kuna kitu kinagonga huku nyuma" si matusi. Kijana akikuambia, "Mama, ningoje dakika mbili nikaze hapa," usikimbilie pikipiki nyingine. Umngoje, na umshukuru. Tena sheria ya trafiki inasema abiria ni mmoja. Mkipanda watatu mnaongeza mzigo kwa bolti zilizowekwa kwa ajili ya mmoja.

Wewe uliyenunua pikipiki ukampa kijana akuletee pesa kila jioni, rudi kwa Kutoka 21. Mwenye ng'ombe aliyehukumiwa hakuwa lazima amepiga mtu mwenyewe. Akikuambia nati ya ekseli imeisha thredi na wewe ukamjibu "leta kwanza pesa ya leo," umeshaambiwa. Mnunulie spana, na umpe nusu siku kwa wiki ya kukagua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika Kutoka 21:28-29, ni nini kinachotofautisha mwenye ng'ombe wa kwanza na wa pili?
2. Mbali na pikipiki, ni "nati" gani nyumbani au kazini kwako ambayo unajua imelegea na umesema kesho? Fikiria mtungi wa gesi, waya wa stima, kifuniko cha kisima.
3. Ni kwa nini ni rahisi kwetu kumlaumu shetani kuliko kusema "nilijua"?
4. Abiria wa kanisa letu wafanye nini ili wanaotubeba wasione aibu kusimama na kukaza?

KAZI YA WIKI

Jumamosi hii saa nane mchana, wenye pikipiki wote tukutane hapa uwanjani na spana. Tutakagua kila pikipiki moja baada ya nyingine, ile ya kanisa ikiwa ya kwanza. Akina mama, atakayekuwa na rangi ya kucha iliyobaki aje nayo, hatutauliza ilikuwa ya nani.

TUOMBE

Baba, asante kwa mikono uliyotupa na kwa watu wanaotuamini migongoni mwetu. Utusamehe pale tulipojua tukanyamaza. Utupe macho ya kuona kilicholegea, na unyenyekevu wa kusimama tukikaze siku hiyo hiyo. Uwalinde vijana wetu walio barabarani usiku huu. Katika jina la Yesu. Amina.